Masikio ya Sidonie

Katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere, karibu na Masisi-centre, mashariki mwa Kongo, kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Sidonie, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Hakuwa muuguzi wala mhubiri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kibanda cha mbao na turubai, na mbele yake kulikuwa na kiti kingine. Mlangoni paliandikwa kwa rangi nyeupe: Nyumba ya Kusikiliza. Mwenye jambo zito rohoni aliingia, akaketi, akasema. Sidonie akasikiliza. Basi.

Zamani alikuwa mkulima kama wengine. Yeye na mume wake, Nzabandora, walilima maharage na viazi kwenye mlima ulio mwendo wa saa tatu kutoka kambini, shamba ambalo babu yake Nzabandora alilifyeka. Walikuwa na mbuzi wanne na mstari wa mikaratusi nyuma ya nyumba. Vita vilipofika kule juu walishuka na godoro moja, sufuria mbili na nguo za mwilini. Mbuzi walibaki wamefungwa kambani. Kwa muda mrefu Sidonie alijilaumu kwamba hakuwafungua.

Shirika moja lilikuja kambini kutafuta wanawake sita wanaojua kusoma, wafundishwe kuwasikiliza wenzao. Sidonie alikuwa amefika mwaka wa nne wa sekondari kabla ya kuolewa, wakamchukua. Lakini majirani walisema kwamba hata asingejua kusoma angechaguliwa, maana tangu kule mlimani, penye chemchemi, wanawake walikuwa wakimweleza siri zao bila kuulizwa. Alikuwa na uso mpana, mtulivu, na hakuwa mtu wa kukatiza maneno.

Mafunzo yalichukua siku sita, kwenye ukumbi wa parokia. Mwalimu alikuwa kijana mwenye miwani kutoka Goma, jina lake Thierry, mpole sana, aliyewaita wote Mama. Aliwafundisha kukaa bila kukunja mikono, kutomkodolea mtu macho, kutunza siri. Na juu ya yote aliwafundisha kwamba msikilizaji hatoi shauri.

"Hatuambie muntu fanya hivi ao usifanye hivi," alisema. "Muntu njo anajua maisha yake. Sisi tunamusaidia asikie roho yake mwenyewe."

Sidonie aliinua mkono. "Kaka Thierry, na kama naona muntu anaenda kuanguka mu shimo?"

"Unamuuliza, Mama. Unamuuliza mpaka yeye mwenyewe anaona shimo."

Wote waliandika maneno hayo kwenye madaftari. Sidonie aliyaandika pia, ingawa hayakumwingia. Kule kwao aliyekuja na shida aliondoka na mashauri matatu, hata kama yote matatu hayakufaa. Lakini Thierry alikuwa amesoma, na yeye alitaka kazi hiyo ifanyike vizuri.

Ikafanyika vizuri. Mwaka wa kwanza walikuja wanawake wengi, na wanaume wachache waliosingizia kwamba wanatafuta kivuli. Waliingia wamekunjamana, wakatoka wamenyooka kidogo. Sidonie alipopita kati ya vibanda akiwa amevaa ile jile, kizibao cha buluu cha shirika, watu walikuwa wa kwanza kumsalimu. Kabla ya hapo alikuwa mtu mmoja kwenye liste ya jetoni, zile tiketi za kupokelea chakula, mama wa familia ya watu wawili, basi. Sasa alikuwa na jina tena. Alilala vizuri. Siku moja kanisani, akimshukuru Mungu kwa kazi hiyo, alishtuka kuona kwamba anashukuru kwa sababu wenzake wanalia. Akainuka katikati ya sala, akatoka nje, akasimama kwenye mvua mpaka wimbo ukaisha.

Kisha mradi ukafa. Thierry alifika kwa pikipiki, matope mpaka magotini, akawakusanya wasikilizaji sita na kuwaambia kwamba pesa zimekatwa huko zilikotoka. Alichukua jile zote na sanduku la madaftari. Viti aliviacha.

"Na bantu?" Sidonie aliuliza.

"Mama Sidonie, hata mimi kazi imeisha," alisema Thierry. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

Watano kati yao walirudi kwenye shughuli zao. Sidonie aliendelea. Kila asubuhi, baada ya kuteka maji, alifagia kibanda, akaketi. Mume wake alivumilia wiki mbili, ya tatu akauliza.

"Mama Naomie, shirika imeenda. Juu ya nini unaenda tena pale?" Naomie alikuwa binti yao, aliyeolewa Goma.

"Bantu banakuja."

"Banakuja juu uko pale."

Sidonie alichukua ufagio wake, akatoka. Alifikiri mume wake ana wivu, maana yeye siku nzima alichonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeinunua. Lakini maneno yale, kwamba wanakuja kwa sababu yeye yupo, yalibaki naye. Alijiuliza kama kweli anakwenda kwa ajili yao. Asipokwenda, angeketi mbele ya kibanda chake akingojea jetoni, na hakuna ambaye angejua kama yupo.

Zamani, kila Ijumaa, wasikilizaji walikutana na Thierry na kutua mizigo waliyoipokea wiki nzima. Sasa hapakuwa na pa kutua. Taratibu, bila kujua siku gani ilianza, Sidonie aliacha kusikia. Uso wake ulifanya kazi peke yake. Kichwa kiliinama pale panapotakiwa, mdomo ukasema "mmm" na "pole, mama," huku yeye mwenyewe akiwaza chumvi, au turubai lao lililokuwa likivuja upande wa kitanda. Visa vilifanana. Mtu akianza tu kusema, Sidonie alijua mwisho wake, akamngojea huko mwishoni. Na watu hawakutambua. Walitoka wakisema asante, kama zamani. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba hawakuona tofauti.

Kati ya waliokuja alikuwamo Mukasine, mjane wa miaka thelathini na kitu. Mume wake alikamatwa barabarani abebe mizigo ya wenye silaha na hakurudi. Alikuwa na binti wa miaka kumi na moja, Tuyizere, mtoto wa kiume wa miaka mitano, Ngabo, na mama yake mzazi, bibi Mukamurenzi, ambaye magoti yalikuwa yamemwishia nguvu. Mukasine hakulia hata siku moja. Alizungumza habari ndogondogo, kuku wa jirani, bei ya sabuni, ndoto aliyomwota mume wake akitafuta kofia. Sidonie alimpenda. Kama wangekutana kule mlimani wangekuwa marafiki.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, mvua kubwa. Chakula hakikuwa kimegawanywa wiki tano. Sidonie alikuwa amekwisha kuwapokea watu saba na hakuwa ametia kitu tumboni isipokuwa chai ya majani ya mchaichai. Mukasine aliingia wa mwisho, akakamua kitenge chake mlangoni, akaketi.

"Maharagi yangu kule juu imekauka," alisema. "Ikikaa wiki moja tena, itaoza. Bantu ya bunduki iko pale njiani. Bengine banapita, banarudi. Bengine habarudi. Niko nawaza niende kesho na ba Mama babili. Wewe unaonaje, Mama Sidonie?"

Mvua ilikuwa ikipiga turubai. Sidonie aliisikia mvua. Akawaza kwamba kitanda chao sasa hivi kimelowa. Na mdomo wake ukasema lile neno ulilofundishwa kusema:

"Na wewe, mu roho yako, unasikia nini?"

Mukasine alimtazama. Aliinamisha kichwa, kama mtu aliyebisha hodi na anasikiliza kama kuna hatua ndani. Kisha akacheka.

"Nasikia njaa," alisema.

Sidonie naye akacheka. Wakacheka wote wawili, Mukasine akainuka, akajifunga kitenge kichwani.

"Aya, Mama. Asante ya kunisikiliza."

Aliondoka alfajiri na wanawake wawili, vikapu mgongoni. Jioni wale wawili walirudi, vikapu vitupu, mmoja hana viatu. Walisema walikutwa shambani na wenye silaha. Walisema walikimbia kila mmoja upande wake, na kwamba walimsikia Mukasine nyuma yao akiita, halafu hawakumsikia tena. Siku ya tatu wanaume wanne walithubutu kupanda. Walimkuta kati ya maharage yake mwenyewe, wakamzika palepale kwa haraka. Walirudi na kikapu chake kimejaa. Mmoja wao alikuwa ameyavuna, kwa sababu hakutaka kushuka mikono mitupu mbele ya watoto.

Sidonie alisikia habari akiwa kwenye foleni ya maji. Aliweka chini bidoni, dumu lake la maji. Hakulia. Alirudi kwenye kibanda, akaketi kwenye kiti kile kingine, cha waliokuja, akatazama kiti chake kilichokuwa kitupu.

Alimpigia Thierry kwa simu ya jirani. Akamweleza yote, hata mvua, hata kicheko.

"Mama Sidonie, ulifanya vile tulifundisha," Thierry alisema kutoka Goma. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa tu, asiye na kazi. "Haukukosea kitu."

"Aliniuliza. Unaonaje, njo vile aliniuliza. Neno moja tu. Usiende."

"Mama..."

"Neno moja."

Kwa siku nyingi alilibeba neno hilo. Lilimuuma kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama, lakini alilishika, hakutaka mtu alitoe. Mwishowe alikwenda kwa bibi Mukamurenzi. Alimkuta bibi ameketi kwenye mkeka, akichambua yale maharage, mazima upande huu, mabovu upande ule. Sidonie alipiga magoti.

"Mama, nakuja kukuomba musamaha. Mutoto wako alikuja kwangu mbele ya kwenda shamba. Aliniambia anaenda. Sikumukataza."

Bibi hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea na maharage.

"Mimi nilimukataza," alisema. "Usiku yote nilimukataza. Nilishika kikapu. Nililia. Tuyizere alilia. Akaniambia, Mama, tutakula nini?" Akatupa punje moja mbovu. "Unawaza wewe ungesema njo angebaki?"

Sidonie aliiokota ile punje, akaishika mkononi.

"Angeenda, mwanangu. Simama, magoti itakuuma."

Bibi alikusudia kumtua mzigo, na alisema kwa upole. Lakini Sidonie alitoka pale amevunjika kuliko alivyoingia. Alipokuwa na hatia alikuwa angalau na kitu. Kama kunyamaza kwake kulimuua Mukasine, basi kusema kwake kungemwokoa, na miaka yote ile kwenye kiti ilikuwa na maana, ilikuwa na nguvu ya kuua na kuponya. Sasa aliambiwa kwamba maneno yake na ukimya wake vilikuwa na uzito mmoja, na uzito huo ni sawa na hewa.

Baada ya wiki mbili alifika Déo, kaka yake Mukasine, kutoka Mubi, mji ule wa barabara ya msituni huko Walikale ambako wachimbaji hununua chakula na vifaa. Alikuja kwa pikipiki siku tatu, kupitia Kibua, kuwachukua watoto. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka, na alionekana kuogopa mzigo aliokuja kuuchukua. Bibi hakuweza kupanda pikipiki. Alisema atabaki karibu na kaburi, ingawa kaburi lenyewe hakuna aliyeweza kulifikia. Tuyizere alipanda nyuma ya mjomba wake, Ngabo katikati, na bibi alishika mguu wa mtoto mpaka pikipiki ilipoanza kusogea.

Sidonie hakurudi tena kwenye kibanda. Badala yake, kila alfajiri alikwenda kusimama mahali kijia cha mlimani kinapotokea kambini, na kila aliyepita na jembe au kikapu alimwambia:

"Usiende."

Mara ya kwanza watu walisimama. "Juu ya nini, Mama Sidonie? Umesikia habari?"

"Sikusikia kitu. Usiende tu."

Walimtazama kwa huruma, wakapita. Wengine walimjibu kwa adabu, "Sawa, Mama," na wakapita. Kijana mmoja alimuuliza kama ana unga nyumbani kwake, kwa sababu kama anao, yeye yuko tayari kubaki. Hakuwa nao. Siku zilivyoendelea, wanawake walianza kuficha majembe ndani ya vitenge walipomkaribia, kama watoto wanaoficha kitu kwa mama yao. Kisha wakafungua njia nyingine, nyuma ya vyoo, ili wasimwone. Karibu wote walirudi jioni. Wawili hawakurudi, mwanamume mmoja na msichana mmoja, na wote wawili Sidonie alikuwa amewaambia.

Rais wa kambi, yaani kiongozi wa wakimbizi, alimfuata nyumbani, mzee mwenye heshima, akakataa kuketi.

"Mama Sidonie, bantu banasema unabaletea bahati mubaya. Usisimame tena pale."

"Ninabasaidia, Papa."

"Unabaogopesha. Halafu banaenda tu. Sasa banaenda na woga. Unaona musaada gani pale?"

Nzabandora alikuwa akisikiliza pembeni, mpini mkononi. Sidonie alimtazama mume wake, akitumaini atasema kitu. Nzabandora aliinama, akaendelea kuchonga. Kesho yake Sidonie hakwenda kwenye kijia. Wiki iliyofuata Nzabandora mwenyewe alichukua jembe, akapitia njia ya nyuma ya vyoo, akarudi na beseni la viazi. Sidonie aliviosha, akavipika, wakala.

Kazi pekee iliyobaki kwake ilikuwa bibi Mukamurenzi. Alimtekea maji, akamsugua mgongo, akamtolea mkeka juani. Hawakuzungumza sana. Bibi hakutaka kusikilizwa. Swali lake lilikuwa moja tu kila siku, kama kuna habari kutoka Mubi.

Habari zilikuja mwezi wa nane, kwa vokali, ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye simu ya jirani. Sidonie aliufungua peke yake kwanza, nyuma ya kibanda, simu sikioni. Ilikuwa sauti ya Déo, na nyuma yake kelele za malori. Alisema amefukuzwa mahali alipokuwa akichimba. Alisema Ngabo anaumwa tumbo, anakonda, na hajui amfanyeje. Tuyizere hasomi. Anaosha sahani kwenye mgahawa wa wachimbaji na analala hukohuko, na yeye, Déo, hapendi wanaume wanaokula pale, lakini ndipo mtoto anapopata chakula. Alimaliza kwa kusema: "Musimwambie Mama."

Sidonie aliusikiliza mara mbili. Safari hii alisikia kila neno. Alifuta ujumbe, akarudisha simu kwa mwenyewe, akaenda kwa bibi, akaketi karibu naye kwenye mkeka.

"Déo ametuma vokali," alisema.

Bibi alimgeukia. Mikono yake ilitulia mapajani. "Anasema nini?"

"Anasema batoto iko muzuri. Ngabo amenenepa. Tuyizere anasoma."

"Anasoma?"

"Anasoma. Ni wa tatu mu klasi."

Bibi alimtazama usoni kwa muda mrefu. Sidonie hakushusha macho, ingawa Thierry alikuwa amewakataza kumkodolea mtu macho. Hakujua bibi anaona nini pale. Pengine aliona yote. Jua lilikuwa limeanza kuwaka, na mahali fulani kambini mtu alikuwa akitwanga kitu ndani ya kinu.

"Sema tena," bibi alisema.

Sidonie akasema tena, toka mwanzo, na mara hii akaongeza kwamba Déo amewanunulia viatu.